Pwani Isiyopwa

Wahenga walisema, tembea uone. Sisi walimu wa lugha huwafundisha wanafunzi methali hiyo hali sisi wenyewe tumesimama mbele ya ubao, mikono imejaa vumbi la chaki, wala hatutembei wala hatuoni. Katika makala haya tunataka kuwaeleza wasomaji wetu habari za siku moja ambayo tulitoka nyumbani kwetu Nakasero, mjini Kampala, sisi na watoto wetu pamoja na mama yetu mzee, tukaenda kutembea kando ya ziwa. Haikuwa safari ndefu. Walakini ilitufunza jambo juu ya kazi yetu ambalo chuo hakikutufunza, na kwa sababu hiyo tumeona si vibaya tukilitia katika jarida letu, ili wenzetu walipime.

Yafaa kwanza msomaji atufahamu. Sisi ni mume na mke, na sote wawili tunafundisha Kiswahili katika shule za sekondari. Tumepanga nyumba ndogo upande wa chini wa kilima cha Nakasero. Juu ya kilima ni mahali pa balozi za nchi za nje, hoteli kubwa na miti ya kivuli. Chini ni soko, na makelele yake, na harufu ya mananasi inayoingia mpaka chumbani. Tumejaliwa watoto watatu. Tunaishi pia na mama mzazi wa mmoja wetu. Watoto humwita Jaja, kama ilivyo desturi ya Waganda, nasi tunamwita Mama.

Jambo lenyewe lilianza wakati wa likizo. Binti yetu wa kati, mwenye umri wa miaka 11, alitujia na daftari lake akatutaka tumfafanulie methali hii: Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Tulifanya kama tulivyozoea kufanya darasani. Tulimwambia kwamba tezi ni sehemu ya nyuma ya chombo, omo ni sehemu ya mbele, na ngama ni mahali pa chini kabisa ndani ya chombo, panapokusanyika maji yanayoingia. Mtu ahangaike huku na huku, mwisho hurudi alikotoka. Mtoto aliyaandika yote kwa hati nzuri. Kisha akainua kichwa akauliza, "Je, ninyi mmepata kuiona ngama?"

Tulitazamana. Bahari tuliiona tukiwa watu wazima, tulipokwenda Mombasa, na siku zile tuliitazama kutoka nchi kavu. Ndani ya jahazi hatukupata kuingia hata mara moja. Kwa miaka mingi, basi, tumekuwa tukiwafundisha watoto wa Kampala tezi na omo, tanga na nanga, kusi na kaskazi, kupwa na kujaa, katika mji ulio juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,100 na ulio mbali na Mombasa kwa zaidi ya kilomita 1,100 za barabara. Maneno hayo kwa wanafunzi wetu yalikuwa kama fedha za nchi ya mbali: huhesabika, lakini hazinunui kitu.

"Basi twendeni pwani," akasema yule mdogo wa mwisho, kana kwamba pwani iko nyuma ya soko.

Kwenda Mombasa na watu sita kwa mshahara wa mwalimu si jambo la kuamuliwa mezani wakati wa chai. Tukawaambia tutakwenda ziwani, Entebbe, kiasi cha kilomita 40 kutoka Kampala, nako kuna mchanga, mashua na mawimbi. Kijana wetu mkubwa, ambaye alikuwa kidato cha tatu na aliyekuwa ameanza ule ubishi unaowajia vijana wa umri huo, alipinga. Alisema sisi wenyewe tulimfundisha kwamba neno pwani lina uhusiano na kitenzi kupwa: pwani ni pale maji yanapopwa, yakaacha mchanga wazi, kisha yakajaa tena. Ziwa halipwi. Kwa hiyo ziwa halina pwani, na safari yetu ni ya kwenda ufukoni tu. Tulifurahi kwa elimu yake, tukaudhika kwa maneno yake, tukakubali kwamba ana haki. Watoto wakaipa safari ile jina: kwenda pwani isiyopwa.

Lilibaki jambo la Mama. Hapa inatupasa kueleza jambo ambalo si jepesi kulieleza katika jarida la walimu wa Kiswahili. Mama yetu hakipendi Kiswahili. Nyumbani mwetu, mwa walimu wawili wa Kiswahili, lugha hiyo haikuwa ikisemwa mbele yake. Hakuna sheria iliyoandikwa. Ila sisi na watoto tulijua, na kila jioni tulikiacha Kiswahili mlangoni pamoja na viatu.

Sababu yake ni ya zamani. Mwaka 1977 Mama alikuwa mwanamke kijana. Kaka yake mkubwa, ndiye aliyemlea, alichukuliwa usiku na watu wenye bunduki wasiojitambulisha, na hakuonekana tena. Watu wale walisema Kiswahili. Mama hakujifunza lugha hiyo shuleni. Aliisikia usiku ule mlangoni, akaisikia tena kwenye vizuizi vya barabarani miaka ile yote, na maneno aliyoyajua ni yale aliyoambiwa: simama, leta, toa, nyamaza, lala chini. Wasomaji wetu wa Uganda hawahitaji kuelezwa zaidi, kwa maana wako wazee wengi wa namna yake. Wasomaji wa Tanzania na wa Kenya, ambao kwao Kiswahili ni lugha ya mama sokoni na ya babu barazani, huenda wakastaajabu wanaposikia kwamba hapa kwetu wako watu wanaokihofu. Idi Amin alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973. Tangazo hilo halikukisaidia Kiswahili. Lilikifanya kifanane zaidi na mtu aliyelitoa.

Tulidhani Mama atakataa kufuatana nasi. Akakubali, kwa sharti moja: tusimpeleke mahali pa muziki mkubwa.

Asubuhi ya Jumamosi tulifungasha. Kazi hiyo ilizaa somo ambalo hatukulipanga. Binti yetu alisimama na daftari lake karibu na Jaja, na kila kitu Jaja alichokitaja kwa Kiganda alikiandika. Lete ssefuliya. Hesabu ssowaani. Usisahau ssabbuuni, wala ssukaali, wala leesu yangu. Kunja mukeeka. Ni ssaawa ngapi? Mtoto alipomaliza alisoma orodha yake kwa sauti: sufuria, sahani, sabuni, sukari, leso, mkeka, saa. "Jaja," akasema, "wewe unasema Kiswahili tangu asubuhi." Mama alimtazama, akajibu kwa utulivu kwamba ssefuliya ni Kiganda, kwa sababu mama yake alikuwa na ssefuliya kabla yeye hajazaliwa. Hatukuingilia. Kwa hakika majibu yote mawili ni ya kweli. Neno likikaa jikoni kwa vizazi vitatu huwa la mwenye jiko.

Tulishuka kwa miguu mpaka kituo cha teksi, yaani yale magari madogo ya abiria ambayo Tanzania huitwa daladala na Kenya matatu. Tangu mwaka 2018 iko barabara mpya ya mwendo wa kasi kwenda Entebbe, lakini teksi yetu ilishika ile ya zamani, ikisimama kila penye mtu aliyeinua mkono, na watoto wakapata nafasi ya kutazama mashamba ya migomba na maduka ya kando ya njia. Baadaye ghafula ziwa likaonekana mkono wa kushoto, jeupe kwa jua, wala ng'ambo haionekani. Yule mdogo akapiga kelele, "Bahari!" Abiria wakacheka. Sisi hatukumcheka. Ziwa hili lina ukubwa wa kiasi cha kilomita za mraba 68,800. Waganda hulitaja kwa jina la Nalubaale, na neno lao la ziwa ni nnyanja. Mswahili naye husema nyanja kwa maji makubwa. Mtoto hakukosea sana.

Tulianza na bustani ya mimea, iliyofunguliwa mwaka 1898. Humo imo miti iliyoletwa kutoka pande nyingi za dunia ili ijaribiwe kama itastawi Uganda, na imo pia sehemu ya msitu wa asili ulioachwa kama ulivyokuwa, ambamo mbega wenye manyoya meusi na meupe huruka tawi kwa tawi. Bustani inateremka mpaka majini. Familia nyingi zilikuwa zimetandika mikeka juu ya majani. Watoto walikimbizana, wazee walilala, na tumbili walivizia ndizi za wasioangalia. Nasi tulipoteza ndizi mbili. Mama alicheka mpaka akafuta machozi, na kwa kicheko hicho peke yake tungalisema nauli yetu haikupotea.

Mahali pa pili ni pale wanapotunzwa wanyama pori, si mbali na bustani. Palianzishwa mwaka 1952 kuwa makimbilio ya wanyama wachanga waliopotewa na mama zao. Watoto walikaa muda mrefu mbele ya ndege mmoja mkubwa wa rangi ya kijivu, mwenye mdomo mpana mfano wa kiatu, ambaye Waganda humwita bulwe. Ndege huyo husimama bila kutikisika hata mtu akadhani ni sanamu. Mwenye kutaka kumwona katika makazi yake huvuka kwenda kinamasi cha Mabamba, ng'ambo ya ghuba. Wako pia wanaokwenda kisiwa cha Ngamba kuwaona sokwe, ambao wamehifadhiwa huko tangu mwaka 1998, na wanaopanda meli Nakiwogo kwenda visiwa vya Ssese, safari ya saa tatu na zaidi. Yote hayo yanataka fedha na siku za ziada. Sisi tulikuwa na siku moja, na binti yetu alikuwa hajaiona ngama.

Kwa ajili hiyo, baada ya saa sita, tulikwenda Kigungu, kijiji cha wavuvi kilicho mwisho wa rasi ya Entebbe, upande wa pili wa uwanja wa ndege. Wenyeji wa Uganda wanapajua mahali hapo kwa sababu ya historia. Tarehe 17 Februari 1879 Padre Siméon Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapeera, na mwenzake Bruda Amans walishuka hapo katika mtumbwi, wakitokea upande wa kusini wa ziwa. Lipo kanisa, na mahujaji hufika. Mwalimu wa Kiswahili akisimama pale huwaza jambo jingine pia. Watu hao walisafiri kutoka pwani ya bahari pamoja na misafara, na lugha ya misafara ilikuwa Kiswahili. Wafanya biashara wa pwani walikuwa wamekwisha kufika katika jumba la Kabaka Suuna II mwaka 1844. Mwaka 1875 Stanley alimwacha katika jumba la Kabaka Mutesa I kijana mmoja, Dallington Maftaa, aliyesomeshwa na wamisionari Unguja, naye akawa mwalimu na mwandishi wa Kabaka. Hatusemi kwamba misafara ilileta heri tupu. Ilileta bunduki, ikachukua watumwa. Tunasema tu kwamba Kiswahili kilipoingia Buganda kwa mara ya kwanza kilikuwa na kitabu na mizani mkononi, na kwamba ssefuliya ya mama yake Mama ilipita njia hiyo.

Mahali pa kuegesha mitumbwi Mganda hupaita mwalo, na wavuvi wa Tanzania kando ya ziwa hilo hilo hupaita mwalo. Tulitandika mkeka chini ya mti, tukamwacha Mama akae kivulini na vyakula, sisi tukashuka na watoto kwenye mitumbwi. Hapo ndipo watoto walipopata darasa. Samaki ambaye mchuuzi mmoja alimwita ngege, mwenzake aliyetoka upande wa Mwanza alimwita sato. Yule mkubwa wa Uganda, mputa, Tanzania ni sangara na Kenya ni mbuta. Wale wadogo waliokuwa wameanikwa mchangani, wanaong'aa kama fedha, ni mukene, ni dagaa, ni omena. Binti yetu alijaza kurasa mbili. Kijana mkubwa, aliyedai kwamba ziwa halina maneno, aliinama akasaidia kuanua samaki.

Kisha tukamwomba mvuvi mmoja ruhusa ya kuingia katika mtumbwi wake uliofungwa kando. Ulikuwa wa mbao, na maji yalikuwa yamepenya. Hapo kati, chini kabisa, yalikuwa yamekusanyika yenye rangi ya chai, na mtoto wa mvuvi alikuwa akiyatoa kwa kopo. Binti yetu alikwenda mpaka nyuma, akarudi mpaka mbele, na kila alipopita alilazimika kukanyaga pale katikati, viatu vikaloa. Akasimama. "Ni hapa," akasema. Hatukuwa na haja ya kumwuliza ni nini. Tulikuwa tumeifundisha methali ile kwa miaka 15, na siku hiyo tulimwona mtu akiielewa kwa miguu yake.

Wakati ule wingu lilipanda kutoka ziwani. Mwenye kulijua ziwa hili anajua kwamba mvua yake haibishi hodi. Tulianza kukimbia kumrudia Mama, lakini tulipokaribia tulipunguza mwendo, kwa maana tulisikia jambo ambalo hatukupata kulisikia maishani.

Karibu na mti palikuwa na kibanda cha kuhifadhia nyavu, na mbele yake kijana mmoja alikuwa akishona wavu. Baadaye alituambia kwamba ni mzaliwa wa Ukerewe, amekuja Uganda kufanya kazi ya uvuvi. Alipoliona wingu alikuwa ameinuka kumsaidia yule mama mzee kukusanya vitu vyake. Naye, kama alivyolelewa, hakuanza na vitu. Alianza na salamu.

"Shikamoo, mama."

Mama alijibu kwa Kiganda. Kijana hakuelewa, akarudia. Mama akanyamaza. Sisi tulikuwa nyuma ya mti, tumesimama. Kisha tukamsikia akisema, polepole, kama mtu anayefungua sanduku lililokaa miaka bila kufunguliwa:

"Unasema nini?"

"Nakuamkia, mama. Nasema shikamoo."

"Maana yake?"

Kijana alifikiri. Kiswahili kilikuwa chake kama ngozi yake, na mtu haulizwi maana ya ngozi. "Maana yake," akasema, "ni kama nashika miguu yako. Ni kama hapa kwenu vijana wanavyopiga magoti mbele ya wazee. Wewe ukiambiwa hivyo, unajibu marahaba."

Mvua ilianza kudondoka. Mama hakuondoka. Alimtazama kijana yule kwa muda, akauliza, kwa Kiswahili kibovu kisichofuata sarufi yoyote tunayoifundisha, kama hayo ndiyo maneno wanayoambiana watu wote huko kwao, hata askari. Kijana akasema ndiyo, hata askari, akimkuta mtu mzima. Mama akasema, "Mimi hawakuniambia."

Hakusema zaidi, wala kijana hakuuliza. Alichukua mkeka na kapu, akamshika Mama mkono, wakaingia kibandani, nasi tukawafuata. Mvua ilinyesha kiasi cha nusu saa. Tulikaa humo watu saba katikati ya nyavu. Mama alifungua kapu akatoa matoke na samaki tuliyemnunua, akajaza sahani, akampa kijana yule kwanza kabla ya wajukuu wake. "Kula," akasema. "Kula, mwanangu." Akamwuliza kama mama yake yu hai. Kijana akasema yu hai, hajamwona tangu miaka miwili. Mama akatikisa kichwa, akamwongezea samaki.

Wenzetu wanaofundisha sarufi watatambua kwamba neno kula, kama Mama alivyolitumia, ni la hali ya kuamrisha, sawasawa na simama, leta na toa. Hali ya kitenzi ni moja. Tulikaa pale tukiutazama wavu uliojuu ya kichwa chetu, tukalifikiri jambo hilo mpaka mvua ikakatika.

Tulirudi Nakasero jioni, nguo mbichi, watoto wamelala vifuani mwetu. Yule kijana wetu mkubwa peke yake alikuwa macho. Alituambia kwamba ameuliza wavuvi habari za maji, nao wamemwonyesha alama juu ya miti, mahali ambapo ziwa lilifika mwaka 2020. Baada ya kufika nyumbani tulimtolea habari zaidi. Baina ya mwaka 1961 na 1964 ziwa lilipanda zaidi ya mita 2. Baadaye liliteremka, hata mwaka 2006 likawa chini sana, mitumbwi ikakaa mbali na maji. Mwezi wa Mei mwaka 2020 likafika mita 13.42 kwa kipimo cha Jinja, likameza fuko za kutembelea, nyumba na mialo, na watu wengi wakahama. "Basi linapwa," akasema. "Linapwa na kujaa, ila kwa miaka, si kwa saa." Tukamwambia andika hivyo katika mtihani, na kama mtahini akikataa, mpeleke Kigungu.

Usiku ule binti yetu alikwenda kumwaga Jaja kabla ya kulala, akasimama mlangoni akasema, "Shikamoo, Jaja." Tulishika pumzi. Palikuwa kimya kwa kitambo. Kisha tukasikia, "Marahaba," na baada yake, kwa Kiganda, kwamba afunge mlango maana mbu wanaingia.

Hatutaki kumdanganya msomaji. Mama hakugeuka akawa mpenzi wa Kiswahili. Redio ikisema kwa Kiswahili bado huondoka chumbani, na habari za kaka yake hazikupungua uzito kwa sababu ya salamu moja. Ila neno lile limekaa nyumbani. Watoto humwamkia kila asubuhi, naye huitikia.

Sasa turudi kwenye kazi yetu, maana ndiyo iliyotufanya tuandike. Jumatatu ya kwanza ya muhula tuliyafungua maandalio yetu ya masomo. Tangu mtaala mpya wa mwaka 2020, Kiswahili ni somo la lazima katika miaka miwili ya kwanza ya sekondari nchini Uganda, na mwezi wa Julai mwaka 2022 Baraza la Mawaziri lilikubali kiwe lugha rasmi. Watoto wengi, kwa hiyo, hukisikia kwa utaratibu mara ya kwanza kutoka vinywani mwetu. Na somo letu la kwanza lilikuwa nini? Tulilisoma tukaona haya. Simama. Keti. Nyamaza. Leta kitabu. Toa daftari. Tulikuwa tumelichagua kwa nia njema, kwa sababu amri ni fupi, mtoto huona maana yake papo hapo, na mwalimu hupata utulivu darasani. Lakini tukilitazama kwa macho ya Mama, orodha ile twaijua ilikotoka. Mtoto akirudi nyumbani na maneno hayo matano, akayasema mbele ya bibi yake, bibi atadhani wamerudi.

Tumeubadili mpango. Juma zima la kwanza sasa ni la salamu tu: shikamoo na marahaba, hujambo na sijambo, umeamkaje, wazee hawajambo, karibu, asante, pole. Kazi ya nyumbani ya kwanza si kuandika; ni kumwamkia mtu mzima mmoja na kuleta jibu lake, kwa lugha yoyote atakayojibu. Baadhi ya wanafunzi wameleta majibu ya kuchekesha, na mmoja au wawili wameleta habari zinazofanana na za nyumbani kwetu. Amri tunazifundisha baadaye, na tunaanza na hizi: karibu, kaa, kula.

Jambo la pili tunalolipendekeza ni safari. Chama chetu hupanga mikutano mingi ya ndani ya vyumba, nayo ina faida. Walakini maneno ya maji yafundishwe majini. Mwalimu wa Kampala hana haja ya kungoja nauli ya Mombasa. Ana Kigungu na Ggaba. Mwalimu wa Kisumu, wa Musoma na wa Bukoba ana mialo yake. Achukue wanafunzi kumi na daftari, awakutanishe na wavuvi, akae pembeni asikilize. Ayachukue majina ya samaki kwa lugha zote zinazosemwa pale, wala asiyasahihishe. Atakuta kwamba Kiswahili cha ziwa si kile cha Unguja, nacho hakikuomba ruhusa yetu kuwapo.

Tungependa kupata habari kutoka kwa walimu wenzetu watakaojaribu mambo haya, hasa wale ambao nyumbani mwao yumo mzee aliyekiacha Kiswahili mlangoni. Sisi tunapanga kurudi Kigungu likizo ijayo. Mama amekwisha uliza kama kijana wa Ukerewe bado yuko, na ameagiza tununue sokoni ndizi za kutosha, akihesabu na za tumbili.